Lugha ya mfumo wako: uliza nani atautunza

Mdogo wangu, leo naongea na wewe unayetaka mfumo wa kompyuta wa SACCOS, wa duka la jumla au wa kampuni ya mabasi. Vijana wawili wamekuja kuomba kazi na wanavutana mbele yako. Mmoja anataka lugha ya programu ya Java, mwingine anasema Java imezeeka, tuandike kwa Go. Wewe hela yako inasubiri mezani.

Kwanza nikutoe hofu ya umri. Python ilitoka 1991, Java na PHP zikafuata 1995, na zote zinaendesha biashara mpaka leo. Facebook yenyewe ilianza na PHP mwaka 2004. Lugha iliyokaa muda mrefu ina makosa yaliyokwishagunduliwa na watu walioizoea, kwa hiyo neno "imezeeka" lisikubabaishe.

Cha kukunyima usingizi ni hiki: kijana utakayemwajiri akipata kazi kwingine, nani atashika mfumo? Benki kadhaa kubwa duniani bado zinategemea programu za COBOL, lugha iliyobuniwa 1959, na wanaoijua wanazidi kustaafu. Usijiingize kwenye shida hiyo kwa mfumo mpya. Uliza mjini kwako. Ukipata mafundi kumi wa Laravel, ambayo ni zana ya kujengea mifumo kwa PHP, na mmoja tu wa Go, jibu unalo, ingawa Go ni nzuri kweli kwa seva inayopokea maombi mengi kwa mpigo.

Halafu pesa. Mwambie fundi afungue Python au JavaScript, ajumlishe 0.1 na 0.2 mbele yako. Jibu litatoka 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba kwa kizio cha mbili, na 0.1 haiingii humo sawasawa. Java nayo ina tabia hiyo ukitumia aina ya namba iitwayo double, ndiyo maana ikawekewa BigDecimal kwa hesabu kamili za desimali. Python ina Decimal, C# ina decimal. JavaScript haina kitu cha namna hiyo ndani yake, hivyo anayeendesha JavaScript kwenye seva kwa Node.js lazima atunze pesa kwa namba kamili za senti au achukue maktaba ya pembeni. Fundi asiyejua habari hii usimkabidhi hesabu za riba za wanachama, hata awe na maneno matamu kiasi gani.

Malipo ya simu nayo yana mtego. Taarifa ya muamala mmoja inaweza kufika kwenye seva yako mara mbili, na hakuna lugha itakayokuokoa hapo. Hifadhidata ndiyo ikatae namba ya muamala iliyokwishaingia.

Ukiniuliza mimi, biashara ndogo yenye fundi mmoja au wawili ichukue PHP na Laravel, au Python na zana yake ya Django. Mkiwa timu kubwa inayogusa mfumo mmoja kwa miaka, nendeni na Java au C#, kwa sababu hizo hukagua aina za data kabla programu haijaanza kufanya kazi, na mkono wa mmoja hauharibu kirahisi kazi ya mwenzake kimyakimya.

Na kabla hujasaini mkataba, mdogo wangu, hakikisha imeandikwa kwamba msimbo wote na nywila za seva ni mali yako.