TUJUE TULIKOTOKA
Somo juu ya kutafuta ukoo

Masomo ya kusoma kwanza: Nehemia 7:61-65, Mathayo 1:1-17, Tito 3:9.



Miaka mingi iliyopita, katika mtaa mmoja wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, Padri alitangaza ndoa ya vijana wawili. Tangazo la kwanza lilipita salama. Jumapili ya pili, watu walipokuwa wakitoka kanisani, bibi kizee mmoja alimfuata mwalimu wa kanisa akamwambia, "Mwanangu, hawa ni watoto wa nyumba moja. Mnawaozaje?" Jina la ukoo wa bibi arusi na jina la ukoo wa mama yake bwana arusi lilikuwa moja. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Basi tangazo la tatu likasimamishwa, na wazee wa pande mbili wakaitwa.

Tutarudi kwenye habari hiyo. Kwanza tujiulize: je, kila mmoja wetu angeweza kujibu kama angeulizwa siku ile? Wengi tunamjua babu. Wachache tunamjua baba wa babu. Zaidi ya hapo tunanyamaza.

WENZETU WA MBALI

Si sisi tu wenye haja hii. Huko Uskoti na Ayalandi watu wengi walihama zamani kwenda Marekani, Kanada na Australia. Kati ya mwaka 1845 na 1852 viazi vilioza mashambani Ayalandi. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakapanda meli. Leo wajukuu wao hurudi kutafuta kijiji cha babu. Uskoti serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wote mwaka 1855. Kwa habari za nyuma zaidi hutegemea vitabu vya kanisa. Ayalandi wana shida kubwa zaidi, maana mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea, na vitabu vingi vya ubatizo na hesabu za watu za zamani vikawa majivu.

Tena wana jambo ambalo sisi tutalielewa upesi. Majina yao mengi huanza na Mac, maana yake "mwana wa", au O, maana yake "mjukuu wa". Lakini si kila mwenye jina la ukoo fulani ni damu ya ukoo huo. Wengi walichukua jina la mkuu aliyewalinda na kuwapa ardhi. Jina ni njia nzuri ya kuanzia, lakini peke yake halitoshi kuthibitisha damu.

NA SISI HUKU

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, ambaye alifariki Ufipa yapata mwaka 1848. Baada yake makundi yakagawanyika, na mengine yakaja mpaka nchi ya Songea. Njiani na hapa walichukua watu wa makabila mengi, na wengi wa hao wakapewa majina ya waliowachukua. Kwa hiyo, katika ukoo mmoja wa Kingoni waweza kukuta mtoto wa Mndendeule, wa Mmatengo na wa Mpangwa, wote wakiitwa kwa jina moja.

Tusisahau pia misafara ya watumwa. Kutoka ziwani njia ilikwenda mpaka Kilwa. Watoto waliuzwa, wakapotezana na mama zao. Wengine waliokolewa wakalelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu. Padri Augustine Ambali alikuwa mtumwa utotoni, akakombolewa, akasoma Unguja, kisha akaja kufanya kazi ya Mungu kandokando ya ziwa hili. Aliandika maisha yake mwenyewe, wala hakuona haya.

Kisha vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi huko Songea, na njaa ikafuata. Mzee anapokufa ghafla, hufa na majina yote aliyoyashika kichwani. Huo ndio moto wetu wa Dublin.

JINSI YA KUTAFUTA

Kwanza, anza na wazee walio hai. Usiende na maswali kama karani wa kodi. Nenda na salamu, kaa, saidia kupukuchua mahindi, kisha uulize: "Babu, uliitwa jina hili kwa kumbukumbu ya nani?" Maana jina la mtoto mara nyingi ni la marehemu. Usisahau bibi na mashangazi. Wao ndio wanaojua nani aliolewa wapi, na nani alilelewa na nani. Andika siku hiyo hiyo, ukitaja aliyekuambia.

Pili, tazama makaburi. Wakati wa kuhamia vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, wengi waliacha mahame na makaburi yao. Mwombe mzee akupeleke huko angali ana nguvu za kutembea. Mwembe wa zamani au shina la mti likumbukwalo ni alama.

Tatu, tazama vitabu vya kanisa. Daftari la ubatizo huonyesha tarehe, jina, wazazi, mahali na wadhamini. Daftari la ndoa hutaja baba wa kila upande. Usitafute "Yohana" peke yake, maana Yohana ni wengi kama dagaa. Tafuta Yohana pamoja na jina la baba na la kijiji. Kumbuka kwamba mwambao wetu ulihudumiwa kutoka Likoma, ambako misheni ilianza mwaka 1885, na ulikuwa katika Dayosisi ya Nyasaland mpaka ilipoundwa Dayosisi ya South West Tanganyika mwaka 1952. Dayosisi yetu ya Ruvuma ilianza mwaka 1971. Kwa hiyo swali lako huenda likahitaji kuvuka maji. Hata meli ya misheni, Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow huko Uskoti mwaka 1899 na kuletwa vipande vipande, ilichukua watu wa pande zote za ziwa. Jamaa zetu wako Likoma, na wako Msumbiji pia.

Wenye asili ya milimani, upande wa Mbinga, wasione haya kuuliza kwa ndugu zetu Wakatoliki. Peramiho ilianza mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na huko babu wa wengi walibatizwa.

Nne, angalia maandishi ya majina. Mjerumani aliandika kwa masikio yake, Mwingereza kwa yake. R na L hubadilishana. Mahali pia pamebadilika: katika karatasi za Wajerumani Liuli ni Sphinxhafen, na Manda ni Wiedhafen. Na tangu mwaka 2012 vijiji vya mwambao wetu vilivyokuwa Wilaya ya Mbinga vimo katika Wilaya ya Nyasa.

Tano, usiunganishe kwa kubahatisha. Mahali usipojua, acha nafasi wazi. Ukoo wenye pengo ni bora kuliko ukoo wa uongo.

MWISHO WA HABARI YETU

Sasa turudi kwa vijana wetu. Kanisa letu tangu mwaka 1563, wakati wa Askofu Mkuu Matthew Parker wa Canterbury, lina orodha ya jamaa wasioruhusiwa kuoana. Padri aliitazama, hakuona kizuizi. Orodha hiyo haiwakatazi hata mabinamu. Lakini desturi ya wazee wale ni kali zaidi: wa ukoo mmoja hawaoani. Basi wakafungua daftari la zamani la ubatizo. Wakamwona babu mkuu wa msichana. Mahali pa jina la baba paliandikwa kwamba hajulikani. Alikuwa mtoto aliyeokotwa baada ya msafara kupita, akalelewa na ukoo ule, akapewa jina lao.

Watu wakafurahi, kwa kuwa damu si moja. Lakini babu yake msichana, mwana wa yule aliyeokotwa, hakufurahi. Alikuwa mzee wa kuheshimiwa, na maisha yake yote alikuwa akisimama mbele katika mazishi ya ukoo. Aliuliza swali moja: "Basi mimi ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mnaona ugumu wake. Kama ni wao, ndoa haipo. Kama ndoa ipo, yeye ni mgeni.

Baada ya siku tatu aliwaita wenyewe. Akasema, "Aliyemlea baba yangu alimpa jina, na baba amezikwa kati yenu. Jina halirudishwi. Lakini damu ya watoto hawa ni mbili. Nakubali waoane, ila habari hii isemwe wazi leo, ili wajukuu wasije wakanong'onezwa." Mkubwa wa ukoo akainuka, akamshika mkono, akamketisha mahali pake pa siku zote. Jumapili iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa.

MAANDIKO YASEMAJE?

Nehemia anataja watu 642 waliorudi kutoka uhamishoni wasioweza kuonyesha nyumba za baba zao. Makuhani wasioonekana katika orodha walizuiwa ukuhani mpaka neno lao liamuliwe. Kwa hiyo, orodha ina kazi yake. Lakini wale 642 walihesabiwa pamoja na taifa, wakarudi nyumbani pamoja nao. Mathayo naye, katika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Rahabu wa Yeriko wala Ruthu Mmoabu. Na Tito anaonywa aepuke mabishano ya nasaba, yaani kutafuta ukoo ili kujivuna au kumdharau mwenzako.

Basi, tutafute ukoo ili tuoane vizuri, tugawane mashamba bila ugomvi, tuwajue yatima ni wa nani, na tuwakumbuke marehemu wetu katika sala kwa majina yao. Ukigundua siri ya mtu mwingine, mpelekee yeye kwanza; si yako kuitangaza. Wala mtu asitumie daftari la kanisa kumwita mwenzake mtumwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja majina ya babu na bibi zako wanne. Ni yupi usiyemjua, na nani aliye hai anaweza kukuambia?
2. Je, wazee wale waliamua sawa? Wewe ungeamuaje?
3. Mtoto aliyelelewa katika ukoo ana haki gani ya shamba?
4. Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba iandike majina ya vizazi vitatu katika daftari moja, na kulitunza pasipo mchwa wala mvua.