Ijara ya Seva za Wingu: Ujira Ujulikane Kwanza



Ndugu zangu wanafunzi, tukitaka tovuti ya kuweka darsa na khutba zetu, swali la kwanza huwa ni bei. Katika fiqhi swali hilo ni sehemu ya usahihi wa mkataba wenyewe. Kwa hiyo tulitazame kupitia mlango wa ijara.

Tunakodi nini?

Seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana ili tovuti ipatikane. Seva ya wingu ni sehemu ya kompyuta za kampuni, unayoitumia kupitia intaneti na kuilipia. Amazon ilianza kukodisha seva hizi mwaka 2006, na mwaka 2020 ikafungua kituo Cape Town. Kompyuta inabaki kuwa mali ya kampuni. Wewe unapata manfaa yake, kama mpangaji wa nyumba kule Buyenzi. Hiyo ni ijara.

Wanazuoni wameshurutisha manfaa yajulikane na ujira ujulikane. Katika kisa cha Nabii Musa (a.s.), Suratul-Qasas aya ya 27, muda ulitajwa wazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Na Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani yenye mambo yasiyojulikana.

Aina mbili za bei

Ya kwanza ni kodi maalumu ya mwezi. DigitalOcean, kwa mfano, imetangaza seva ndogo ya dola 4 kwa mwezi, pamoja na gigabaiti 500 za data inayotoka kwenda kwa wasomaji. Ikizidi, kila gigabaiti ni senti 1.

Ya pili ni kulipa kwa kipimo. Amazon hutoa gigabaiti 100 bure kila mwezi, kisha katika vituo vyake vya mashariki ya Marekani kila gigabaiti ni senti 9, mbali na kodi ya seva yenyewe. Tangu Februari 2024 hutoza pia anwani ya intaneti ya seva, kiasi cha dola 3.6 kwa mwezi.

Je, kulipa kwa kipimo ni gharar? Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alimtekea mtu maji kwa ujira wa tende moja kila ndoo. Jumla haikujulikana mwanzoni, lakini bei ya kila ndoo ilijulikana. Ibn Qudama, katika al-Mughni, ameitumia habari hii kuruhusu kukodi "kila mwezi kwa kiasi fulani" bila kutaja idadi ya miezi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu inabatilisha mkataba huo wa miezi isiyo na idadi. Basi kutaja muda, mfano miezi sita au mwaka, kunatutoa katika khitilafu.

Tupige hesabu

Darsa ya saa moja iliyorekodiwa kwa sauti ya kawaida ni kama megabaiti 30. Ikipakuliwa mara 20,000 mwezi wa Ramadhani, ni gigabaiti 600. Kwa bei ya kwanza tutalipa dola 5. Kwa bei ya pili, data peke yake ni dola 45. Darsa ni ile ile na wasikilizaji ni wale wale.

Tena tunalipa kwa dola. Mei 2023 faranga yetu ilishushwa kutoka takriban 2,080 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kodi ya dola 4 ikapanda kwa faranga bila kampuni kuongeza hata senti.

Fedha ya jumuiya ni amana

Mchango wa mwanafunzi aliyeacha chai ili atoe faranga elfu moja si wa kufanyia majaribio. Kwa hiyo, viongozi wetu:

1. Wachague kodi maalumu, na wasome bei ya ziada kabla ya kukubali.
2. Wasitegemee ujumbe wa tahadhari pekee. Huo hukujulisha tu, seva inaendelea kutoza.
3. Waandike muda, bei na jina la mlipaji. Suratul-Baqara aya ya 282 imetufundisha kuandika madeni.
4. Wasilipe kwa kadi ya mkopo wenye riba.
5. Wawaulize masheikh wetu kabla ya kufunga mkataba.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.