Ndege ya mtumba: soma daftari kabla ya kulipa

MAKAMBAKO ni mji wa watu wanaojua kununua chombo kilichotumika. Hapo, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na ile iendayo Njombe hadi Songea, mfanyabiashara wa mbao au viazi hajifunzi darasani namna ya kukagua lori la mtumba. Hupiga goti chini ya fremu, husikiliza injini, hutazama moshi, kisha ndipo hutoa arbuni.

Ujuzi huo ni mtaji mzuri. Hata hivyo, hautoshi kwa mfanyabiashara aliyepata leseni ya rubani binafsi na sasa anatafuta ndege yake ya kwanza. Lori likizima kati ya Makambako na Njombe, dereva hulisogeza pembeni na kumwita fundi. Ndege haina pembeni.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi wa ndege ndogo iliyotumika anapaswa kuyapima kabla fedha hazijatoka mkononi, hasa yule atakayerukia Nyanda za Juu Kusini.

Hali ya soko

Ndege nyingi za injini moja ambazo mtu mmoja anaweza kuzimudu ziliundwa kati ya miaka ya 1960 na ile ya mwanzo wa 1980. Sababu yake ni ya kibiashara. Mwaka 1986 kampuni ya Cessna ya Marekani ilisimamisha uundaji wa ndege ndogo za pistoni, ikilalamikia mzigo wa kesi za madai ya ajali. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha miaka 18 cha kumdai mtengenezaji wa ndege hizo, na mwaka 1996 Cessna ikarejea kazini.

Pengo hilo la miaka kumi, pamoja na bei ya ndege mpya, ndivyo vinavyoshikilia bei ya ndege kuukuu. Cessna 172 mpya ya viti vinne sasa inazidi dola 400,000 za Marekani. Hivyo basi, ndege yenye umri wa miaka 45 si kioja sokoni, na umri peke yake si kipimo cha bei.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana masoko matatu. La kwanza ni la ndege zilizokwisha kusajiliwa Tanzania, ambazo namba zake huanza na 5H. La pili ni Kenya, zenye namba za 5Y, nyingi zikiwa katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako karakana za ndege ndogo ni nyingi. La tatu ni soko la ng'ambo, hasa Marekani na Afrika Kusini.

Ya ng'ambo yaweza kuonekana rahisi kwa bei ya tangazo. Lakini juu ya bei hiyo huja gharama ya kuileta, iwe kwa kuirusha au kwa kuifungua mabawa na kuisafirisha kwenye kontena. Kuna pia kufutwa kwenye daftari la nchi inakotoka, cheti cha ubora wa kuruka kwa ajili ya kuuzwa nje, na ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla ya kupewa namba ya 5H. Habari za kodi ziulizwe mapema kwa wakala wa forodha, na majibu yapatikane kwa maandishi.

Daftari ndiyo ndege

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kupenda rangi. Rangi mpya na viti vya ngozi hugharimu kidogo, na vyaweza kuficha kutu na mabati yaliyowahi kunyooshwa baada ya ajali.

Thamani ya ndege imo kwenye madaftari yake ya kumbukumbu. Kwa kawaida huwa matatu: la bodi, la injini na la propela. Humo huandikwa kila saa iliyoruka, kila ukaguzi, kila kifaa kilichobadilishwa na sahihi ya fundi aliyeidhinishwa. Daftari likipotea, hakuna ajuaye kwa hakika ndege imefanya kazi kiasi gani, na bei lazima ishuke.

Tukio moja linatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Aprili 2018, huko Daytona Beach, Marekani, ndege ya mafunzo aina ya Piper ilikatika bawa angani muda mfupi baada ya kuruka, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulikuta ufa wa uchovu wa chuma kwenye mhimili wa bawa. Baadaye mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la kukagua mihimili ya ndege nyingi za jamii hiyo. Saa za kazi ngumu, kama zile za shule za urubani, zilipewa uzito mkubwa katika hesabu ya kuamua ni ndege ipi ikaguliwe.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: ndege mbili zenye umri sawa na rangi sawa zaweza kuwa na hatari tofauti kabisa, na tofauti hiyo huonekana kwenye daftari tu.

Maagizo ya lazima ya namna hiyo ni mengi. Kwa Cessna, mwaka 1987 lilitolewa moja kuhusu reli za viti. Reli ikichakaa, kiti huweza kuteleza nyuma wakati wa kuruka, na rubani akajikuta ameshika usukani kwa kuuvuta. Mnunuzi aombe orodha ya maagizo yote yanayoihusu ndege, na mbele ya kila moja aone tarehe na sahihi.

Hesabu ya injini

Injini ya ndege hupewa na mtengenezaji idadi ya saa za kufanya kazi kabla ya kufumuliwa na kukarabatiwa upya. Injini nyingi za Lycoming za silinda nne hupewa saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Hapa ndipo bei nafuu hugeuka ghali.

Chukua mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara wa Kidugala, Wilaya ya Wanging'ombe, anaonyeshwa ndege mbili za aina moja. Ndege ya kwanza inauzwa dola 60,000 na injini yake imetumika saa 1,800. Ya pili inauzwa dola 75,000 na injini imetumika saa 500. Tuseme ukarabati mkubwa ni dola 30,000. Kila saa ya injini basi inabeba dola 15.

Injini ya ndege ya kwanza imekwisha kula dola 27,000 za ukarabati ujao. Bei yake halisi ni dola 87,000. Ya pili imekula dola 7,500, nayo bei yake halisi ni dola 82,500. Ile iliyoonekana rahisi kwa dola 15,000 ni ghali kwa dola 4,500. Zaidi ya hayo, baada ya saa 200 itasimama kusubiri fundi.

Vile vile mnunuzi asidanganywe na saa chache mno. Injini iliyoruka saa 300 kwa miaka 20 imekaa zaidi kuliko kufanya kazi, na injini inayokaa hushika kutu ndani, hasa kwenye shafti ya kemu. Cessna 172 za kati ya mwaka 1977 na 1980 zina injini ya Lycoming ambayo kemu yake inajulikana kwa kuliwa mapema. Nyingi zinaruka vizuri hadi leo, lakini ziulizwe swali hilo kwanza.

Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, akate chujio la oili kutafuta chembe za chuma na, inapowezekana, achungulie ndani ya silinda kwa kamera. Silinda moja ikiwa chini mno ya nyingine, hiyo ni hoja ya kupunguza bei au kuondoka.

Fundi huyo achaguliwe na kulipwa na mnunuzi. Fundi aliyeitunza ndege ya muuzaji kwa miaka kumi hawezi kuwa shahidi wa pande zote mbili.

Kimo cha Njombe

Ndege iliyojaribiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, huonyesha tabia ambayo haitaonekana Njombe. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Siku ya jua yenye nyuzi 22, hewa ya hapo huwa nyepesi kama ile ya kimo cha karibu mita 2,700.

Injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hesabu hiyo, injini ya nguvu za farasi 160 hubaki na 120 hivi. Propela na mabawa navyo hupata hewa haba. Ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka, na ikishainuka hupanda polepole.

Uzito nao una hesabu yake. Cessna 172 ya miaka ya 1970 ya kuruka na kilo 1,043 ina uzito mtupu wa kilo 650 hivi. Hubaki kilo 390. Mafuta yakijaa huchukua karibu kilo 110, zinabaki 280: watu wazima watatu na mizigo michache. Viti vinne, basi, si watu wanne. Na kiasi hicho ni kikomo cha maandishi tu. Kwa kimo cha Njombe, rubani mwenye busara hupakia pungufu.

Mnunuzi aombe ndege ijaribiwe kwenye uwanja wa juu. Asipoweza, afungue kitabu cha ndege na kusoma jedwali la kuruka kwa kimo na joto la huko, kisha aongeze akiba kwa ajili ya nyasi, changarawe na uzee wa injini.

Viwanja vya changarawe vina ushuru wake. Mawe hula ncha za propela. Kwa Cessna 182, fundi atazame ukuta wa moto nyuma ya injini: bati lililokunjamana hapo ni dalili kwamba ndege iliwahi kutua kwa gurudumu la mbele.

Mafuta na vipuri

Injini nyingi za pistoni hutumia petroli ya ndege, Avgas. Viwanja vingi vya mikoani havina mafuta hayo. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni Jet A-1, yanayofanana na mafuta ya taa. Jet A-1 ikitiwa kwenye injini ya Avgas, injini huweza kuzima baada tu ya kuruka. Mwenye ndege Njombe ajue kabla ya kununua ni nani atamletea Avgas, kwa mapipa mangapi na kwa bei gani.

Wapo wanaokwepa tatizo hilo kwa kununua ndege yenye injini ya dizeli inayotumia Jet A-1. Ni wazo zuri, lakini lina historia. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani, iliyoongoza soko la injini hizo, iliingia katika ufilisi mwaka 2008. Wenye ndege duniani kote walikuta dhamana zao hazina wa kuzilipa na vipuri vimepanda bei. Injini hizo zilinunuliwa baadaye na wengine na zinaendelea kutengenezwa. Somo linabaki: anayenunua injini hununua pia afya ya kampuni iliyoiunda.

Gharama na mapato

Hangari, bima, ukaguzi wa mwaka na ada hulipwa hata ndege ikilala. Tuseme jumla ni dola 8,000 kwa mwaka. Anayeruka saa 50 analipa dola 160 kwa kila saa kabla ya tone la mafuta. Anayeruka saa 200 analipa dola 40.

Wengine hupanga kuzifidia gharama hizo kwa kubeba abiria au mizigo ya kulipiwa. Mpango huo hauwezekani kwa leseni ya rubani binafsi. Biashara hiyo hudai leseni ya urubani wa biashara na vibali vya TCAA, na bima yaweza kukataa kulipa ikigundua vinginevyo.

Njia halali ya kupunguza mzigo ni umiliki wa pamoja. Wanne wakishirikiana, saa 50 za kila mmoja huwa saa 200 za ndege. Mkataba uandikwe mapema: nani ataruka lini, nani atalipa ikiharibika, na anayetaka kujitoa atauza hisa yake vipi.

Kwa kifupi, kabla ya kutoa arbuni mnunuzi awe na haya mkononi:

1. Uthibitisho kutoka ofisi ya usajili kwamba muuzaji ndiye mwenye mali na ndege haina deni.
2. Madaftari yote matatu, yasiyokatika.
3. Orodha ya maagizo ya lazima yenye sahihi.
4. Ripoti ya fundi wake mwenyewe.
5. Hesabu ya injini na fedha za ukarabati ujao.
6. Jibu la bima kwa maandishi, likitaja saa zake za urubani.
7. Uhakika wa mafuta na karakana iliyoidhinishwa.

Kama moja halipo, arbuni isubiri. Na yule wa Kidugala, endapo hesabu yake inaonyesha saa 50 tu kwa mwaka na hana wa kushirikiana naye, soko linamshauri akodi ndege kwa mwaka mmoja zaidi, aongeze saa zake za kuruka na kuitunza fedha yake. Ndege za mtumba zitakuwepo mwakani. Rubani anayenunua kwa haraka hana hakika hiyo.