KILELENI ROBO SAA, BONDENI MIAKA ARUBAINI

Soma kwanza: Marko 9:2-29 na Marko 10:46-52

Nianze na swali. Ukifika mahali palipo juu kuliko pote duniani, utapiga picha ngapi? Mimi najijua. Kabla sijavuta pumzi, simu iko nje, na kabla sijashuka, kikundi cha WhatsApp kimeshajua.

Edmund Hillary alikuwa mfuga nyuki kutoka New Zealand. Tarehe 29 Mei 1953, yeye na Tenzing Norgay, Msherpa, walifika kilele cha Mlima Everest, zaidi ya mita 8,848. Hakuna aliyejulikana kufika pale kabla yao. Walikaa kama robo saa tu, maana hewa ya mitungi ilikuwa ikiisha. Hillary alimpiga Tenzing picha ameinua shoka la barafu lenye bendera. Akaacha pale msalaba mdogo aliokabidhiwa na kiongozi wa msafara, John Hunt. Tenzing naye akaacha vitu vitamu kama sadaka yake. Halafu wakateremka. Picha ya Hillary mwenyewe juu ya kilele haipo hadi leo.

Alipofika chini alikuta amekuwa mtu mkubwa. Malkia wa Uingereza akampa cheo. Baadaye New Zealand ikaweka sura yake kwenye noti ya dola 5 angali hai. Mtu kama huyo angeweza kula jina lake mpaka kufa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini tunamkumbuka kwa kitu kingine, nacho kina mambo matatu ya kutufundisha. Simuweki kwenye orodha ya mitume, jameni. Ila Yesu mwenyewe alipotaka kufundisha upendo wa jirani alimchukua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakumtarajia.

1. Teremka

Petro alipouona utukufu mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu wabaki hukohuko. Kumbe wakati huohuo, bondeni, kulikuwa na baba ameshika mtoto mgonjwa, na wanafunzi waliobaki wameshindwa kumsaidia. Yesu hakujenga kibanda. Aliteremka.

Hillary alirudi Nepal, safari hii akiwatazama watu kuliko mlima. Washerpa ndio waliobeba mizigo ya misafara mikubwa. Tenzing mwenyewe aliwahi kumshika kwa kamba Hillary alipotumbukia kwenye ufa wa barafu. Hata hivyo watoto wao hawakuwa na shule, na mgonjwa alibebwa mgongoni siku kadhaa kutafuta daktari. Ukiwa umefika juu kwa mabega ya wengine, una deni kwao.

2. Uliza kwanza

Hillary hakuja na mpango wake mfukoni. Aliwauliza Washerpa wanataka nini. Wakasema shule. Mwaka 1961 shule ikafunguliwa kijiji cha Khumjung, na yeye mwenyewe alishika nyundo. Vijiji vingine vikaomba, zikafika shule zaidi ya 20. Mwaka 1964 ukajengwa uwanja wa ndege Lukla ili vifaa vifike karibu. Udongo ulikuwa laini, akawaalika Washerpa wacheze ngoma yao ya kukanyagakanyaga mpaka ardhi ikashikana. Mwaka 1966 hospitali ya Khunde ikawa tayari.

Yesu alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini. Fikiria: mtu ni kipofu, kila mtu anaona, na Bwana bado anauliza! Kumuuliza mtu ni kumheshimu.

Hapa lazima nitubu mbele yenu. Mimi nilisomea biashara, napenda bajeti iliyonyooka. Mwaka jana ndiye niliyepanga misheni yetu ya kwenda sehemu kavu. Tulikuwa na fulana za timu, bango kubwa, na blanketi gari zima. Tuliomba, tukaimba, tukapiga picha za kutosha. Tukiwa tunaondoka, mama mmoja mzee akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Asante pasta. Lakini mngetuuliza. Hapa kwa joto hili tunalala nje. Pampu ya kisima ndiyo imekufa." Halafu akauliza, "Mtarudi lini?" Nikamjibu, "Mungu akipenda."

Ndugu zangu, nilirudi nikapiga hesabu. Pesa ya fulana na bango peke yake ingemlipa fundi wa ile pampu, na chenji ibaki. Na mpaka leo hatujarudi. Nililiweka jina la Mungu mahali pa tarehe niliyoshindwa kuitoa.

3. Usiache katikati

Mwaka 1975 Hillary alikuwa Phaphlu akijenga hospitali nyingine. Tarehe 31 Machi, mke wake Louise na binti yao mdogo Belinda walipanda ndege ndogo Kathmandu wamfuate. Ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Wote wawili wakafa.

Huzuni ile ilimlemea kwa miaka, na tusimfanye mtu wa chuma. Nani angemlaumu kama angesema, "Nepal imenichukulia vya kutosha"? Lakini hospitali ya Phaphlu ilikamilika. Aliendelea kurudi na kuchangisha pesa hadi uzeeni, na akafa tarehe 11 Januari 2008, akiwa na miaka 88.

Kuna mtu anasoma hapa ambaye huduma yenyewe ndiyo iliyomuumiza. Ulizika mtu, au ulisalitiwa ukiwa kazini kwa Bwana. Sikuambii ukaze moyo tu. Lia, pumzika, tuite tukae nawe. Lakini usibomoe ulichokuwa unajenga. Kuna mtoto atatibiwa hapo.

Hatua ya wiki hii

Nimeiomba kamati ifute fulana na bango kwenye bajeti ya Agosti. Kabla ya safari, watu wanne tutatangulia kwa yule mama, bila kamera, tukiwa na daftari na fundi wa pampu. Na tutampa tarehe ya kurudi.

Kwa ushirika wa nyumbani:
- Ni mabega ya nani yaliyokufikisha hapo ulipo, na umerudi kwake lini?
- Ni nani unamsaidia bila kumuuliza?
- Ni kazi gani uliiacha njiani kwa sababu ya maumivu?

Tuombe: Bwana, asante kwa kileleni. Tufundishe njia ya kuteremka, masikio ya kusikiliza, na miguu ya kurudi. Kwa jina la Yesu, Amina.