Damu kwenye mkojo, bila maumivu

Swali: Daktari, nina miaka 52, mkulima wa Ngara. Nimekojoa damu mara mbili, haiumi, ikaacha yenyewe. Nipime nini?

Jibu: Kuacha si kupona. Anzia maabara ya hospitali ya Murgwanza. Peleka mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ule wa mwishoni mwa kukojoa: hapo ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kuyakosa. Damu ikibaki hata baada ya dawa ya kichocho (prazikwanteli), usizungushwe na vidonge vya UTI. Kwa umri wako tunatafuta saratani: ultrasaundi ya figo na kibofu, kisha kamera ya kibofu, kwa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Unavuta sigara? Waambie madaktari wa huko.