SOMO KWA WAFANYAKAZI: KUENDA KAZINI KWA BAISKELI WAKATI WA MVUA

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa Minago, Rumonge na pwani yote ya ziwa,

Mvua zinapoanza, mwezi wa Septemba au wa Oktoba, baiskeli huwa nyingi barabarani asubuhi. Ukizihesabu tena mwezi wa Machi au wa Aprili, mvua ikiwa imeshika kweli, utaona zimepungua. Wenzetu wamezitundika ukutani. Wengine hulipa nauli wasiyoiweza, wengine hutembea kwa miguu na kufika wamechelewa, na wengine hulala nyumbani siku hiyo. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Moyo umechoka."

Somo hili linataka kuonyesha kwamba moyo hauchoki wenyewe. Kuna vitu vinavyouchosha, vinajulikana kwa majina, na vingi vina dawa. Dawa nyingine iko mikononi mwa mwenye baiskeli, nyingine iko kwa wenzake, na nyingine yapasa kudaiwa kwa mwajiri. Tuzisome moja moja.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SOTE

Tuanze na hesabu. Tuseme mfanyakazi analipwa kwa siku, naye hufanya kazi siku 24 kwa mwezi. Akikosa siku 3 kwa sababu ya mvua, amepoteza sehemu moja katika sehemu nane za mshahara wake. Mvua za huku hudumu karibu miezi minane au tisa, pamoja na kile kipindi kifupi cha Januari na Februari ambapo hupungua. Akipoteza hivyo miezi minane, mwisho wake amefanya hasara ya mshahara wa mwezi mzima. Mwezi huo ni karo ya mtoto, ni mabati ya nyumba, ni dawa.

Labda mtu atasema, "Basi apande gari." Kila mmoja wetu anakumbuka jinsi mafuta ya gari yalivyokosekana nchini, hasa katika miaka ya 2022 na 2024. Magari yalilala foleni mbele ya vituo, nauli zikapanda, na abiria wakasimama kando ya barabara tangu alfajiri. Siku zile mwenye baiskeli nzima alifika kazini. Ikinga, kama ndugu zetu wasemavyo kwa Kirundi, haisubiri meli ya mafuta wala lori. Inamsubiri mwenyewe tu.

2. KINACHOVUNJA MOYO NI NINI?

Tukikaa na wenzetu na kuwasikiliza vizuri, malalamiko yao ni manne:

(a) Kulowa, kisha kufanya kazi kutwa nzima na nguo mbichi.
(b) Baiskeli kuharibika njiani, mahali pasipo na fundi.
(c) Hofu ya kuanguka, ya malori, na ya maji yanayoteremka milimani.
(d) Kukatwa mshahara kwa kuchelewa, hata baada ya kuhangaika kote huko.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloponywa kwa kumwambia mtu "jikaze".

Tutazame mfano wa mbali. Huko Ufini, kaskazini kabisa ya Ulaya, kuna mji uitwao Oulu. Wakati wa baridi kali theluji hufunika nchi kwa miezi mingi, na jua huonekana saa chache tu kwa siku. Hata hivyo watu wengi wa mji ule huendelea kwenda kazini na shuleni kwa baiskeli, na mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya baiskeli za wakati wa baridi ulifanyika pale pale. Je, watu wale wana mioyo ya chuma? Hapana. Mji wao umejenga njia za baiskeli, umezitia taa, na mashine huondoa theluji mapema kabla watu hawajatoka. Mtu anayejua kwamba njia itakuwa imesafishwa hana haja ya kubishana na moyo wake kila asubuhi.

Sisi hatuna theluji wala mashine hizo. Lakini fundisho ni lile lile: matayarisho hufanywa kabla, wala si asubuhi ya mvua.

3. TENGENEZA KABLA YA MVUA

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Agosti, barabara ikiwa kavu na fundi hana kazi nyingi, ndio wakati wa kuitengeneza baiskeli.

Breki. Baiskeli zetu nyingi ni zile nzito zenye breki za fimbo, ambazo mipira yake hubana rimu ya chuma. Chuma kikilowa, mpira huteleza, na baiskeli huchukua mwendo mrefu kabla ya kusimama. Badilisha mipira iliyokwisha. Mvua ikinyesha, bonyeza breki kidogo kidogo mara kwa mara ili ifute maji kwenye rimu, usingoje mpaka lori liko mbele yako. Na usiache mafuta yafike kwenye rimu hata tone moja.

Mnyororo. Hapa kwetu mawese yako kila mahali, na wengi huyapaka kwenye mnyororo. Hiyo si njia nzuri. Mawese huganda wakati wa baridi, hushika mchanga, na mchanga hula meno ya gurudumu. Tumia mafuta ya mashine, matone machache, kisha futa yanayozidi kwa kitambaa. Kila urudipo umelowa, futa mnyororo ukauke na utie tena mafuta. Ni kazi ya dakika tano, nayo huzuia kutu.

Madigadi na taa. Mtu asiye na madigadi hulowa mara mbili: maji ya juu na tope la chini. Kama ya chuma imevunjika, kata kipande cha dumu la zamani ukifunge kwa waya. Nyuma weka kioo chekundu kinachong'aa, kwa maana asubuhi ya mawingu dereva wa lori hakuoni.

Mavazi. Usiendeshe huku umeshika mwavuli: mkono mmoja hauwezi kushika usukani na breki pamoja, na upepo wa ziwa una nguvu. Shona koti la turubai au la shitingi, lenye mikono mipana, lisilofika kwenye mnyororo. Jambo kubwa kuliko koti ni hili: nguo za kazi zikae kavu ndani ya kidumu chenye mfuniko mpana au ndani ya kipande cha shitingi kilichofungwa vizuri kwenye keria. Mtu ajuaye kwamba ana shati kavu haogopi mvua ya njiani.

4. NJIANI

Hesabu muda wako. Kwenye barabara kavu na tambarare, mtu mwenye baiskeli nzito huenda kama kilomita 12 kwa saa. Kwa hiyo kilomita 9 ni dakika 45. Barabara ikilowa hupungua hadi kilomita 9 kwa saa, na safari ile ile huwa saa nzima. Ongeza dakika 15 za kujikinga mvua ikizidi. Maana yake ni kwamba wakati wa mvua sharti utoke nyumbani nusu saa kabla ya saa yako ya kiangazi. Anayetoka saa ile ile ya kiangazi ameshachelewa kabla hajafungua mlango.

Tazama milima, usitazame mawingu ya juu yako tu. Barabara yetu ya RN3 imebanwa kati ya ziwa na milima mirefu. Mvua yaweza kunyesha huko juu na Minago pakawa pakavu, kisha maji mekundu yakashuka ghafla. Mito kama Dama na Murembwe, katika eneo la Rumonge, hujaa kwa namna hiyo. Mwezi wa Machi 2015, huko Gitaza, kaskazini ya Minago, mawe na tope viliteremka kutoka mlimani, watu wakafa na barabara ikazibika. Basi tushike kanuni moja: maji yanayokimbia juu ya barabara hayavukwi kwa baiskeli. Maji ya kasi yanayofika vifundoni tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na huoni kama barabara bado iko chini yake. Ngoja. Maji ya mlima hupanda upesi na hushuka upesi.

Ziwa nalo lina siku zake. Mwaka 1964, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana yakaingia katika nyumba na mashamba ya pwani. Ukitumia njia ya mchangani kando ya ziwa, ujue njia ya pili mapema.

Radi ikilia, shuka kwenye baiskeli. Usisimame chini ya mchikichi uliojitenga, wala ufukoni penye mitumbwi. Tafuta nyumba.

Jihadhari na mahali palipomwagika mawese. Wabebaji wa madumu humwaga kidogo kidogo penye kona na penye mashimo. Mafuta yale yakikutana na maji ya mvua, tairi haishiki kabisa. Punguza mwendo kabla ya kona, usikunje usukani ghafla.

Na kushika lori kwa mkono likuvute, ndugu zetu vijana, kuacheni. Lori likiingia shimoni dereva hakuoni wala hakusikii.

5. TUTOKE PAMOJA

Mtu mmoja akiamka na kusikia mvua kwenye mabati, ni rahisi kujifunika tena. Lakini kama wenzake wanne wanamngoja njia panda saa kumi na moja na nusu, atainuka. Hii ndiyo dawa kubwa ya moyo, na haina bei.

Kila kitongoji kiunde kikundi cha watu watano hadi kumi wanaoelekea upande mmoja. Wachague mahali pa kukutania na saa. Anayejua njia atangulie, mwenye taa nzuri akae nyuma. Akiharibikiwa mmoja, wote husimama.

Kikundi kiwe na mfuko wake, kwa mtindo wa upatu, kila mtu akitoa kidogo siku ya mshahara. Vitu vya kwanza vya kununua ni pampu moja, viraka na solusheni, tyubu moja ya akiba, na spana. Vitu hivi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kwa watu kumi ni rahisi. Kila mwanakikundi ajifunze kuziba tyubu mwenyewe.

Tusiwasahau akina mama. Wafanyakazi wengi wanawake hubebwa kwenye keria za teksi za baiskeli, wakilipa kila siku. Dada anayetaka kujifunza kuendesha asichekwe. Afundishwe kiangazi, uwanjani, na aingie katika kikundi kama wengine.

6. YA KUPELEKA KWA MWAJIRI

Katika sehemu moja ya kazi ya pwani hii, wafanyakazi waliofika na maji yakiwachuruzika walikatwa nusu siku kwa kuchelewa dakika 20. Wengi waliona afadhali kubaki nyumbani. Wajumbe wao hawakupiga kelele. Walileta daftari lenye tarehe za mvua, majina ya waliochelewa na dakika zao. Kisha wakasema: dakika hizi zilipwe jioni kwa kazi. Mwajiri alikubali, kwa maana aliona kwamba kukata nusu siku kulimkosesha watu wa siku nzima.

Hayo ndiyo ya kudai, nayo si makubwa:

(a) Banda la baiskeli lenye paa na mlinzi.
(b) Chumba cha kubadilishia nguo, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, chenye kamba ya kuanikia.
(c) Kuchelewa kwa sababu ya mvua kubwa au mto uliojaa kufidiwe jioni, pasipo kukatwa mshahara.

Jambo la nne linahusu sheria. Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa INSS, ajali inayompata akienda kazini au akirudi nyumbani kwa njia yake ya kawaida huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Lakini asiwe amekatiza safari au kugeuza njia kwa shughuli zake binafsi. Anayepitia sokoni kwanza anaweza kuipoteza haki hiyo. Ukianguka, mjulishe mwajiri bila kukawia, chukua majina ya waliokuona, hifadhi karatasi za daktari, na umwite mjumbe wako. Tena hakikisha leo kwamba umeandikishwa kweli. Kesho ukiwa hospitali utakuwa umechelewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita kila mmoja wetu alikosa siku ngapi kwa sababu ya mvua? Je, hiyo ni fedha kiasi gani?
2. Ni sehemu zipi za njia yetu zinazojaa maji, na ni nani aliye na nyumba karibu tunapoweza kujikinga?
3. Baiskeli ngapi katika kikundi hazina breki nzuri? Zitatengenezwa lini, na kwa fedha ipi?
4. Katika yale ya kumdai mwajiri, tuanze na lipi, na nani ataliandika katika daftari?

Kikundi kikimaliza maswali haya, kipeleke majibu ya swali la nne kwa mjumbe wake kabla mvua hazijaanza.