Chambo cha Manyoya Kinachofanana na Samaki Mdogo

Wengi wetu tukaao Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki tumepata kumwona mtu amesimama kando ya mto, fimbo ndefu nyembamba mkononi, akirusha majini kitu kidogo chenye manyoya. Waingereza hukiita kitu hicho nzi, maana hapo kale kilifanyizwa kwa mfano wa wadudu warukao juu ya maji. Lakini samaki mkubwa hashibi wadudu tu. Hula na samaki wadogo, hata watoto wa jamaa yake mwenyewe. Basi somo letu ni namna ya kufunga chambo cha mfano wa samaki mdogo.

Kazi hii si mchezo wa wageni. Kwa miaka mingi vyambo vilivyofungwa kwa mikono nchini Kenya vimeuzwa ng'ambo, na watu wetu wamepata riziki kwa ustadi wa vidole vyao. Mwenye kuifahamu ana kazi asiyohitaji shamba wala duka ili kuianza.

Samaki wenyewe

Trauti si wenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika mto Gura utokao milima ya Nyandarua. Mwaka 1948 serikali ilijenga kituo cha Kiganjo kwa kuzalisha trauti, na kile cha Sagana kwa samaki wapendao maji ya vuguvugu, kama perege, ambaye wengi humwita tilapia. Ng'ambo ya Nyandarua, katika ziwa Naivasha, alitiwa mwaka 1929 samaki wa Kimarekani mwenye kinywa kipana. Kwao Marekani samaki huyo huwinda samaki wadogo walio bapa, wanaoenea katika kikaango. Hapa kwetu huwinda watoto wa perege.

Basi tuna mifano miwili ya kuiga. Mtoto wa trauti ni mwembamba, na ubavuni ana safu ya mabaka meusi kana kwamba amebonyezwa kwa kidole gumba chenye wino. Mtoto wa perege ni bapa na mpana, ana mistari ya kusimama ubavuni, na doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni.

Vitu vinavyotakiwa

Jiliwa ndogo ya kushikia ndoana, ndoana yenye shina refu, uzi mwembamba imara uliopakwa nta, uzi wa fedha ung'aao, singa za mbuzi, nyeupe na nyeusi, manyoya laini ya kuku, mkasi mkali, rangi kidogo na vanishi. Manyoya ya kuku wa nyumbani yatosha. Usiwaue ndege wa porini kwa ajili ya manyoya yao, maana sheria yawalinda.

Namna ya kufunga

1. Bana ndoana katika jiliwa. Zungusha uzi toka karibu na tundu hadi penye kona, kila mzunguko ukigusa mwenziwe. Huu ndio msingi. Ukilegea, vyote vitazunguka juu ya shina.

2. Penye kona funga manyoya machache laini yawe mkia.

3. Funga uzi wa fedha, uuzungushe kuelekea mbele. Acha nafasi ya kichwa nyuma ya tundu. Wanafunzi wengi huisahau nafasi hiyo, kisha hukosa mahali pa kufungia.

4. Funga singa nyeupe chini na nyeusi juu. Sababu yake ni hii: samaki mdogo ana mgongo mweusi na tumbo jeupe, ili atazamwapo toka juu afanane na giza la chini ya maji, na toka chini afanane na mwanga wa mbingu. Tia singa chache. Ukiinua chambo mbele ya dirisha, mwanga hauna budi kupenya.

5. Zungusha uzi uwe kichwa, funga fundo la mwisho mara mbili, upake vanishi. Ikikauka, chora jicho jeupe lenye mboni nyeusi. Lisiwe dogo mno, maana samaki wawindaji wengi huelekea penye jicho.

Kwa mfano wa perege, funga singa nyingi zaidi juu na chini ya shina, kisha zikate kwa mkasi hata chambo kiwe na umbo la mbegu ya boga: kipana kikitazamwa ubavuni, chembamba kikitazamwa toka juu. Chora mistari kwa wino usiofutika, wala usisahau doa la pezini.

Kujaribu kazi yako

Mwandishi wa somo hili alipoanza alidhani kuwa manyoya mengi ndiyo uzuri. Chambo chake cha kwanza kilifanana na kifaranga aliyenyeshewa. Kilizunguka majini hata kamba ikajisokota, na jioni akarudi nyumbani mikono mitupu. Cha pili kilikuwa chembamba, lakini fundo lilifunguka samaki alipokivuta. Makosa yote mawili yangalionekana nyumbani kama angalikijaribu.

Kwa hiyo kivute chambo ndani ya karai la maji. Kikilala ubavu, punguza singa za juu. Kisha vuta kila singa kwa vidole. Ikitoka, anza tena. Mtoni kivute kidogo, ukiache, ukivute tena, kama samaki aliyejeruhiwa. Kabla ya kuvua pata leseni, na umwulize afisa wa uvuvi masharti ya mto huo.

Mwenye nia ya kuuza na akumbuke kwamba mnunuzi wa vyambo kumi na viwili hutaka vyote viwe ndugu wa tumbo moja. Kimoja kikifunguka, atavitilia shaka kumi na kimoja vilivyosalia, na pengine hatarudi tena. Haraka haraka haina baraka: afadhali vitatu kwa siku vilivyo imara kuliko thelathini vya kumwaibisha aliyevifunga.